Mhuri Usoni mwa Golikipa

Jamani, nimesikia. Wale mlionipigia simu gazetini tangu Jumatatu, na yule mama aliyeapa kwamba akinikuta barabarani atanifunza adabu, nawaomba radhi. Ni kweli nilikata hadithi pale Kamishna wa mechi alipoweka kidole juu ya picha ya golikipa wetu na kusema, "Huyu hachezi." Sikupenda. Mhariri alitaka nafasi ya tangazo la magodoro. Haya, tuendelee kabla hajaleta na la mito.

Kidole cha Kamishna bado kiko pale pale.

"Hachezi kwa nini?" Kocha aliuliza. Kocha wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na wachezaji wake wote humwita Mwalimu.

"Kwa sababu simjui," Kamishna alijibu. "Kazi yangu ni kulinganisha sura na picha. Sura naiona. Picha iko wapi?"

Kocha aliinama juu ya orodha, ile mpya iliyoandikwa kwa ajili ya nusu fainali. Mahali pa picha ya Kufuli palikuwa na mhuri. Mhuri wa chama cha mpira, mviringo, wino wa zambarau, umegongwa kwa nguvu za mtu aliyeshiba. Ulikuwa umefunika paji la uso, macho, pua, mdomo na kidevu. Kilichobaki cha Kufuli kilikuwa sikio la kushoto.

Kufuli mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya meza, miaka kumi na sita, mrefu, na tangu mashindano haya ya wasichana wa kanda yaanze hajafungwa hata bao moja. Ndiyo maana wakampa jina hilo. Aligeuza kichwa taratibu ili Kamishna aone sikio.

"Ndilo hili," alisema kwa heshima zote.

"Mwanangu, sikio kila mtu analo."

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuokota gazeti hili, usihangaike, nitakueleza upesi. Timu yetu ya wasichana chini ya miaka kumi na saba imefika nusu fainali. Imekuja na wachezaji kumi na sita na viongozi ishirini na mmoja, yaani kila mchezaji ana kiongozi wake na watano wanabaki wa akiba. Jukwaani, safu ya tatu, amekaa mama mmoja, mkuu wa shule ya michezo, daftari magotini. Anatafuta golikipa mmoja, mmoja tu, wa kumsomesha bure miaka mitatu, na kesho asubuhi anaondoka. Kufuli aliacha shule mwaka jana. Siku hizi anashona vifungo kwenye chumba cha mama yake, fundi cherehani. Asipocheza leo, wiki ijayo anarudi kwenye vifungo. Basi hilo ndilo linaloniharibia usingizi.

"Nani amegonga mhuri huu?" Kocha aliuliza, ingawa alimjua.

Katibu wa chama alisogea mbele, mkoba mweusi kifuani. Ndani ya mkoba ndimo unamokaa mhuri, na mhuri huo haushikwi na mtu mwingine. Anakula nao, anasafiri nao, na mkewe ameshazoea.

"Nimegonga mimi," alisema kwa fahari. "Orodha bila mhuri ni karatasi ya kufungia sabuni."

"Lakini usoni, Katibu? Usoni?"

"Mwalimu, mhuri unagongwa juu ya picha ili mjanja asiibandue akaweka ya mwingine. Nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii. Hakuna picha yangu iliyowahi kubanduliwa."

"Wala kuonekana," Kamishna alisema.

Kocha alipekua orodha. Beki wa kulia alikuwa na jicho moja. Kiungo alikuwa na kidevu. Mshambuliaji alibahatika, alipata nusu nzima ya uso, na wote hao Kamishna alikuwa amewapitisha kwa taabu. Kisha Kocha akafika mwisho wa ukurasa, akasimama.

Picha ya golikipa wa pili ilikuwa safi kabisa. Msichana anatabasamu, nywele zimetengenezwa, hakuna hata tone la wino. Mhuri wake ulikuwa umewekwa pembeni, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Na huyu mbona hukumgonga?"

Katibu alikohoa. "Yule ni binti wa Mwenyekiti. Utamgongaje usoni binti wa Mwenyekiti?"

Hapo ndipo Kocha alipoelewa balaa lililokuwa mbele yake, na mimi naomba nawe ulielewe. Binti wa Mwenyekiti hajui mpira. Alikuja kutembea. Wenzake wanamwita Mgeni Rasmi, naye hakasiriki, anacheka nao. Mwenyekiti alisema aandikwe mahali pasipo na kazi. Katibu akafikiri siku mbili, akapata jibu: golikipa wa pili. Maana Kufuli haumii wala hafungwi, sasa wa pili atafanya nini?

Kamishna aliangalia saa yake. "Mimi sina ugomvi na mtu. Golikipa mwenye uso nimemthibitisha, ataanza. Huyu mwenye sikio, nileteeni pasipoti yake. Ikifika kabla ya kipindi cha pili, ataingia."

Ni rahisi, sivyo? Ingekuwa rahisi kama pasipoti zingekuwa kwa wenyewe. Lakini siku ya kutua, Mwenyekiti alizikusanya zote uwanjani pa ndege, ati zisipotee, akazifungia kwenye kabati la chumba chake hotelini. Ufunguo uko mfukoni mwake. Na yeye yuko jukwaa la wakubwa, anakunywa soda kwa mrija.

Kocha alipanda ngazi mbilimbili.

"Mheshimiwa, tunahitaji pasipoti ya Kufuli. Sasa hivi."

"Mhuri upo?"

"Upo, tena umezidi."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Naomba ufunguo, Mheshimiwa. Nimtume dereva, hoteli ni dakika kumi na tano."

Mwenyekiti alitoa mrija mdomoni. "Ufunguo wa kabati langu? Mwalimu, kweli unaniheshimu? Na mimi hapa siwezi kuondoka, nashuka kukagua timu. Wapiga picha wananisubiri. Weka golikipa mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Yeyote! Si tumeleta wawili? Huyo wa pili anakula bure?"

Kocha alifungua mdomo kumwambia. Akaufunga. Nafikiri, na sina ushahidi, kwamba alitabasamu kidogo.

"Kama unavyosema, Mheshimiwa."

Kwenye chumba cha wachezaji, Mgeni Rasmi alikuwa amekaa kwenye benchi anachezea simu. Alipoambiwa, simu ilimponyoka.

"Mimi? Mwalimu, mimi nimekuja kuangalia."

"Leo utaangalia kwa karibu. Vaa."

Jezi ya golikipa alivalishwa na wenzake. Glovu alifungwa na Kufuli mwenyewe, moja baada ya nyingine, huku machozi yakimdondokea kwenye mikono ya mwenzake. Ukitaka kujua uchungu, ndugu yangu, mfunge mtu mwingine glovu zako siku unayotafutwa wewe.

"Ukiuona mpira, ufuate," Kufuli alisema, akifuta pua. "Usiukimbie."

"Na ukinifuata wenyewe?"

"Basi kaa hapo hapo."

Timu zilipangwa mstari. Mwenyekiti akashuka na suti yake ya kijivu, tumbo mbele, wapiga picha nyuma. Alimpa mkono nahodha. Akampa mkono beki. Alikuwa anasema "hongera, hongera" bila kumwangalia mtu, macho yako kwenye kamera, mpaka alipofika kwa golikipa na mkono wake ukashikwa na glovu.

"Shikamoo, Baba."

Mwenyekiti aliangalia. Akaangalia tena.

"Wewe unafanya nini hapa?" alinong'ona, meno yote bado nje kwa ajili ya picha.

"Nadaka."

"Nani amekwambia udake?"

"Mwalimu anasema umesema wewe."

Picha ya wakati huo ipo, niliiona kwa macho yangu. Mdomo unacheka, macho yanaomba msaada.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba Mwenyekiti anaweza kukimbia. Mtu ambaye kwa ajili ya Kufuli hakuweza kuinuka kwenye kiti, alivuka uwanja, akaruka kamba, akampita dereva, akafungua mlango wa gari mwenyewe. "Hotelini! Mwanangu ataumizwa!" Gari likaondoka hata mlango haujafungwa.

Refa akapuliza kipenga.

Kufuli hakuruhusiwa kukaa kwenye benchi, maana kwa sheria yeye bado hakuwa mtu. Akazunguka nje ya uzio mpaka nyuma ya goli letu, akashika nyavu za waya kwa vidole vyote kumi.

Dakika ya nne, wapinzani wenye jezi za njano walipiga shuti kutoka mbali, shuti la kawaida, lile ambalo Kufuli hulidaka huku anafikiria mambo mengine. Mgeni Rasmi aliliona linakuja. Akainama, akalipisha.

Bao moja bila.

"Usiiname!" Kufuli alipiga kelele. "Simama! Nyoosha mikono! Mgeni, nisikilize mimi, usiwasikilize hao wanaocheka!"

"Natetemeka, Kufuli!"

"Tetemeka ukiwa umesimama!"

Na mabeki wetu, Mungu awape maisha marefu, walicheza siku hiyo kama watu wanaolinda nyumba isiyo na mlango. Walizuia kwa miguu, kwa vifua, kwa migongo. Dakika ya thelathini mshambuliaji wetu akachomoka, akawapiga chenga wawili, akasawazisha. Moja kwa moja.

Nikasema hapa sasa tutapumua. Wapi! Dakika ya arubaini na tatu beki wetu alimwangusha mtu ndani ya boksi, na refa akaonyesha kidole kwenye alama ya penalti.

Kufuli aliweka paji la uso kwenye waya.

"Nifanyeje?" Mgeni Rasmi aliuliza bila kugeuka.

Kufuli alifikiri. Alimjua mpigaji, alikuwa amemwangalia mechi tatu, alijua kwamba akiwa na wasiwasi hupiga katikati kwa nguvu zote. Na sasa alikuwa anavuta soksi yake mara ya nne.

"Usifanye kitu. Kaa katikati. Usisogee hata kidogo."

"Hilo naliweza."

Mpigaji alikimbia, akapiga. Mgeni Rasmi alifumba macho mawili, akasimama kama alivyoambiwa. Mpira ulimgonga pajani, pah! Ukaruka juu ya mwamba, ukatoka nje.

Watu walipanda viti. Mtangazaji wa redio, ambaye kwa kawaida huhifadhi sauti yake kwa ajili ya kipindi cha pili, aliimaliza yote pale pale. "Binti wa Mwenyekiti! Binti wa Mwenyekiti mwenyewe! Uongozi uko damuni!" Jukwaa zima likaanza kuimba, "Mgeni! Mgeni!"

Na ni wakati huo huo, jamani, si dakika moja kabla wala dakika moja baada, Mwenyekiti alipoingia uwanjani akihema, shati limelowa, pasipoti ya Kufuli mkononi.

Alisimama. Akasikiliza wimbo. Kiongozi mmoja akamkumbatia: "Mheshimiwa, umetuzalia golikipa!" Wa pili akamshika mkono, akagoma kuuachia. Mpiga picha akamwomba ageuke kidogo kushoto. Mwenyekiti akageuka kidogo kushoto.

Na mkono wenye pasipoti ukaingia mfuko wa ndani wa koti. Ukatoka mtupu.

Mapumziko. Kwenye ujia wa kuingia vyumbani walisimama Kocha, Kufuli na Kamishna mwenye kalamu. Mgeni Rasmi alikuwa ameketi sakafuni, paja limevimba. Daktari wa timu alikuwa amepiga magoti kumwangalia. Huyu daktari ni shemeji wa Mwenyekiti, na kazi yake ya kila siku ni kuuza mapazia. Aliminya kitambaa cha bukta, akasema ni kizuri, hakichuji.

Mwenyekiti akafika.

"Imepatikana?" Kocha alimdaka.

"Haikuonekana." Alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Nimetafuta kila mahali. Chini ya kitanda, kila mahali. Lakini mambo yanakwenda vizuri, sivyo? Timu inayofanya vizuri haibadilishwi."

Kufuli hakulia kwa sauti. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akakumbatia magoti yake. Mlangoni, yule mama mwenye daftari alikuwa amekuja kuchungulia. "Nimeambiwa mna golikipa hodari," alisema. "Ni yupi?"

"Huyu hapa!" Mwenyekiti alisema, akimwinua binti yake kwa kwapa. "Damu yangu."

Mgeni Rasmi alimwangalia baba yake. Kisha akamwangalia Kufuli pale chini. Halafu akaangalia koti, maana mfuko wa ndani ulikuwa umevimba na kona ya kitabu ilikuwa inachungulia.

"Baba, nilikuwa nimefumba macho."

"Usiwe na adabu kupita kiasi, mwanangu. Umedaka."

"Sikudaka. Nilipigwa. Aliyeniambia nisimame pale ni Kufuli." Sauti yake ilianza kukatika. "Unajua nilivyokuwa naogopa? Watu elfu ngapi wananiangalia, na kila mmoja anajua sijui kitu. Kipindi cha pili watanifunga kumi, Baba, na wimbo huo huo watauimba kwa kunizomea. Mimi sirudi huko. Na huyu mwenzangu unamfanyia nini? Amekukosea nini?"

"Nyamaza. Watu wanasikia."

"Wasikie!"

Na akatia mkono kwenye koti la baba yake mbele ya watu wote, akachomoa kila kilichokuwemo, akampa Kamishna.

"Hapana!" Mwenyekiti aliruka. "Zote hapana! Moja tu! Mpe moja tu!"

Lakini Kamishna alikuwa ameshapokea, na alichopokea kilikuwa vitabu viwili.

Alifungua cha kwanza. Akaangalia picha, akamwangalia Kufuli aliyekuwa sakafuni, akaangalia picha tena. Macho, pua, mdomo, kidevu, vyote vipo. Tarehe ya kuzaliwa, sawa.

"Atacheza," alisema, akaweka alama kwenye orodha.

Kelele zilizopigwa humo ndani! Kocha alimbeba Kufuli juu juu, yeye mfupi, Kufuli mrefu, wakaanguka wote. Mshambuliaji alimbusu Kamishna kwenye upara. Mgeni Rasmi alikuwa anavua jezi huku analia na kucheka. "Chukua, chukua, shika jezi yako!" Yule mama wa shule akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika kitu. Hata Katibu alipiga makofi, mkoba kwapani.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mwenyekiti alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, macho hayabanduki kwenye kitabu cha pili.

Maana pasipoti ya binti yake, ndugu zangu, haikuwahi kuchanganywa na za watoto wa wenzake kabatini. Hiyo aliibeba mwenyewe, kwenye koti, kifuani.

"Na hii ya nani?" Kamishna aliuliza. Akaifungua bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi. Akaona picha. Akaona tarehe. Akasimamisha kalamu, akaanza kuhesabu kwa vidole. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili.

Kelele zikapungua moja baada ya nyingine.

"Binti," Kamishna alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Umecheza dakika arubaini na tano katika mashindano ya wasichana chini ya miaka kumi na saba. Sheria unaijua? Timu ikichezesha mtu aliyezidi umri inatolewa, yote, kuanzia hapo hapo. Nakuuliza mbele ya mashahidi. Una miaka mingapi?"

Sauti mbili zilijibu kwa pamoja.

"Kumi na sita!" alisema Mwenyekiti.

"Kumi na tisa," alisema binti yake.

Huko nje kipenga kililia, refa anaita timu zirudi. Hakuna aliyesogea. Yule mama wa shule alifunga daftari lake. Kufuli alikuwa amesimama katikati yao, mkono mmoja ndani ya jezi, mwingine nje, akiwaangalia wakubwa hawa mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwangalia.

"Mwalimu," aliuliza, "nivae au nivue?"